Hana malaria, mpe mseto

Mzee ametoka bondeni. Magoti hayamshiki, kichwa kinataka kupasuka, macho mekundu kama ya mpiga fundo la gongo, na hajawahi kuonja pombe maishani. Zahanati wanamtoboa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo cha haraka, wanasubiri. Mstari mmoja. Hana malaria. Hapo ndipo swali la pili lilipaswa kuulizwa: baba, umetoka wapi, umeshika nini, mifugo yako ikoje? Haliulizwi. Anaandikiwa dawa ya mseto "kwa tahadhari" na panadol juu yake. Akirudi baada ya siku tatu ataambiwa ni taifodi. Akirudi tena, UTI. Hayo mawili tumeyafanya majina ya heshima ya "sijui".

Nimekaa kwenye foleni hizo Nachingwea, nimewauguza ndugu zangu kwa mseto ambao hawakuuhitaji, na siwalaumu wauguzi. Mtu mmoja anayezalisha, anachanja watoto, anagawa dawa na kujaza rejista kumi na mbili huwezi kumdai uchunguzi wa kipelelezi. Nawalaumu wanaopanga bajeti wakijua haya yote.

Tulikumbushwa kwa damu. Tarehe 7 Julai 2022 Wizara ya Afya ilipata taarifa kutoka Lindi: Kituo cha Afya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kimepokea wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, mwili kulegea na damu puani. Nchi nzima ikashtuka. Ruangwa ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huku Nachingwea watu walikuwa wanapeana habari za "ugonjwa wa ajabu" kwa kunong'ona, wengine wakitaja wachawi. Sampuli zikapimwa: Ebola hapana, Marburg hapana, korona hapana. Tarehe 18 Julai Waziri Ummy Mwalimu akatangaza jina: leptospirosisi, homa ya mgunda. Wagonjwa 20, watatu wamefariki.

Siku kumi na moja kutoka taarifa hadi jina. Ni kazi nzuri, nawapa hongera wataalamu waliolala Ruangwa siku zile. Lakini hebu tuseme ukweli bila kung'ata ulimi: kilichoamsha msafara wa magari ni pua kutoka damu. Bila ile damu, wale 20 wangemeza mseto wao kimyakimya na watatu wangezikwa kwa malaria kali.

Unadhani natia chumvi? Nenda Moshi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari waliandika malaria kwa 528. Maabara ilipothibitisha, wenye malaria walikuwa 14. Kumi na wanne! Na katika waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, mgunda ukiwa mbele ya yote. Hiyo ni Moshi, penye hospitali ya rufaa. Sasa jiulize hali ya Mbekenyera, jiulize hali ya vijiji vyetu vya kuelekea Liwale.

Mgunda, kwa Kiyao, ni shamba. Jina lenyewe linakuelekeza pa kutafuta. Mdudu wake anaishi kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wa porini. Anatoka na mkojo, anakaa kwenye tope na maji yaliyotuama, anaingia kwa mtu kupitia mchubuko wa mguu au jichoni. Na Julai huku ni kiangazi. Maji yamebaki mabondeni tu, na huko huko ndiko tunakolima mboga peku, ndiko ng'ombe wanakonyweshwa, ndiko wanyama wa msituni wanakoshuka usiku. Halafu tuna samaki nchanga. Watu wa Dar wakilisikia hilo jina wanacheka. Sisi tunajua ni panya, kitoweo chetu tangu mababu, na sioni aibu. Kwenye mshikaki uliokauka motoni hana tatizo. Shida iko kwa kijana anayemchuna mbichi, vidole vina nyufa za jembe, akimtoa matumbo kwa kucha. Nani amewahi kumfuata kijana huyo na somo la dakika tano? Mabango ya afya yanachora mbu tu.

Na anayejua habari za panya na ng'ombe ni nani? Afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ng'ombe watatu wametupa mimba wiki moja. Anaandika kwenye daftari lake, ripoti inapanda kwa idara yake. Mganga wa zahanati, mita mia mbili kutoka hapo, anaandika homa kwenye rejista yake, ripoti inapanda kwa idara yake. Madaftari mawili ya kijiji kimoja yanakutana lini? Siku ya msiba.

Kwenye karatasi, jambo hili lilishamalizwa. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua Dawati la Afya Moja, liwe chini ya ofisi yake, liunganishe daktari wa watu, wa mifugo na wa wanyamapori. Jimbo la Majaliwa lilikuwa lipi? Ruangwa. Miaka minne baada ya uzinduzi, ugonjwa wa wanyama ukaua watu nyumbani kwa mzinduzi, na wa kwanza kuuona walikuwa wauguzi waliopokea watu wanaovuja damu. Kama dawati halijafika Mbekenyera, limefika wapi?

Tusijifanye wageni wa mambo haya. Chikungunya, inayosumbua dunia hadi Brazili na India, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 hapa hapa kusini, Uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde. Kuanzia 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa wilaya 28 wa kutokomeza kichaa cha mbwa: mbwa wakachanjwa kwa maelfu. Mradi ukaisha, wafadhili wakaondoka, mbwa wakazaa. Kichaa hakikusoma ripoti ya kufunga mradi. Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa tena duniani ya kumrudisha.

Kwa hiyo madiwani wa Nachingwea na Ruangwa, msituletee semina nyingine. Tunataka mafuta kwenye pikipiki ya afisa mifugo, chanjo ya mbwa kila mwaka kwa fedha za halmashauri, hizo hizo za ushuru wa korosho na ufuta, na njia ya sampuli kufika maabara kabla mgonjwa hajazikwa. Na kila wiki, mganga na afisa mifugo wakae benchi moja, wafungue madaftari yao.

Nawe msomaji, ukiambiwa huna malaria, usiinuke kwenye kiti. Mwambie mganga umetoka bondeni, umechuna panya, ng'ombe wako ametupa mimba. Mwambie aandike.