Meru ipi? Swali kwa walimu wa ukutubi

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliingia katika maktaba moja mjini Meru akiwa na kazi aliyopewa na mwalimu wake wa historia: aandike kurasa mbili kuhusu Wameru na jinsi walivyoitetea ardhi yao wakati wa ukoloni. Nilikuwa nimeketi meza ya pili nikisahihisha tasnifu, na kwa hivyo niliyashuhudia yote. Aliyekuwa zamu ni msichana wa chuo kikuu, mwanafunzi wa ukutubi wa mwaka wa tatu, aliyepelekwa pale kwa mafunzo ya kazini. Aliandika neno moja tu kwenye tarakilishi, "Meru", akanakili nambari, akaenda rafuni, akarudi na kitabu. Hazikupita dakika tano.

Kitabu chenyewe kilikuwa The Meru Land Case, cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Kijana akainama, akasoma, akaandika. Baada ya nusu saa aliinuka akaenda mezani kuuliza: "Dada, hii Engare Nanyuki iko upande gani wa Nanyuki?" Msichana hakujua. Akanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe unapajua?"

Napajua. Engare Nanyuki haina uhusiano wowote na mji wa Nanyuki ulio ng'ambo ya mlima wetu. Iko Tanzania, upande wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Wameru wa huko walifukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi wa Kizungu waliotaka malisho, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Ni kisa cha kishujaa, na namwomba kila mwalimu wa historia akisome. Hata hivyo, hao si Wameru wa Imenti, Tigania wala Igembe. Jina ni moja, watu ni wawili, na lugha zao zimeachana sana: ya huko ina undugu na Kichaga, ya hapa na Kiembu, Kikuyu na Kikamba.

Kijana alikuwa amekwisha kujaza ukurasa mmoja na nusu.

Sikumlaumu yule msichana, na sipendi msomaji amlaumu. Alifanya sawasawa kama alivyofundishwa. Neno ninalo na walimu wake, ambao ni wenzangu, na kwa kiasi fulani ninalo na sisi wanaisimu, ambao jambo hili lilitupasa kulisema zamani.

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kufundisha ukutubi. Shule ya kwanza ilifunguliwa Makerere mwaka 1963 ili kuzihudumia nchi zote tatu. Kenya ilipata kitivo chake cha sayansi ya habari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 1988. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1997 na kupata hati mwaka 2006, kinafundisha taaluma hiyo Kaaga, karibu kabisa na mji wa Meru. Kwa hiyo, kijana wa Runyenjes au Maua anayetaka kuwa mkutubi hana haja tena ya kuvuka mpaka wala Bonde la Ufa.

Nimepata kualikwa kuzungumza na madarasa ya aina hiyo katika vyuo kadhaa, na nakiri kuwa ni wanafunzi wa kupendeza. Humwagiwa mezani rundo la vitabu visivyo na alama yoyote, wakaambiwa kila kimoja wakitafutie nambari. Hubishana kama mawakili. Kitabu juu ya kilimo cha miraa kiwekwe kwenye kilimo, kwenye biashara au kwenye dawa za kulevya? (Mtoto wa Igembe katika darasa hilo atakuwa na jibu tayari, wala halitatoka katika jedwali.) Wanajifunza kuhifadhi majalada ya serikali, kushona vitabu vilivyochanika na kuendesha programu za katalogi. Haya ni maarifa ya kweli.

Tatizo linaanza kwenye jedwali lenyewe. Mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, ambao ndio unaotumika katika maktaba zetu nyingi, ulitolewa mwaka 1876. Katika sehemu yake ya fasihi, Kiingereza cha Uingereza kilipewa 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Kilatini, lugha isiyozungumzwa na mama yeyote kwa mtoto wake, kina 870 yote peke yake. Fasihi ya Kiswahili utaikuta 896.392, imebanwa huko mwishoni baada ya nukta. Wako wanaolikasirikia jambo hili. Mimi siumizwi nalo sana, maana nambari ni anwani tu, na mtu huweza kuishi vyema katika nyumba yenye anwani ndefu. Isitoshe, nambari za Dewey zinajua kutofautisha: historia ya Kenya ni 967.62 na ya Tanzania ni 967.8. Laiti yule msichana angeitazama nambari ya kitabu, huenda angeshtuka.

Lakini msomaji hatafuti kwa nambari. Hutafuta kwa neno, na hapo ndipo isimu inapoingia.

Lugha zetu za Kibantu hubadilisha neno mwanzoni. Mwingereza akitaka kuongeza maana, aghalabu huning'iniza kitu mwishoni mwa neno, na kwa hivyo maneno yake ya ukoo mmoja hukaa pamoja katika orodha ya alfabeti. Sisi tunasema Mmeru, Wameru, Kimeru. Wenyewe wakizungumza kwao husema Ameru. Panga maneno hayo kwa alfabeti uone: moja litaangukia A, la pili K, la tatu M, la nne W. Ukoo mmoja umetawanywa katika droo nne. Ndivyo ilivyo kwa Aembu, Kiembu na Embu. Waliotunga vichwa vya mada vya Kiingereza waliamua kukata viambishi hivyo, na kwa mahitaji yao walifanya busara. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayeandika "Ameru" au "Kimeru", yaani anayejiita kama mama yake anavyomwita, huenda akaambiwa hakuna kitu.

Kisha kuna tahajia. Mbeere zamani iliandikwa Mbere. Chuka pengine huandikwa Cuka. Irabu zetu za ĩ na ũ hupotea zinapopita katika mikono ya wachapishaji, hivi kwamba kitabu cha Bernardo Bernardi cha mwaka 1959 kuhusu kiongozi wa dini wa Wameru humwita Mugwe bila alama yoyote, na anayeandika kwa alama hizo yumo hatarini kukikosa. Mwanafunzi wa ukutubi hufundishwa kuandika "tazama" na "tazama pia" ili kumwongoza msomaji kutoka jina moja hadi jingine. Ufundi huo anao. Ambalo hajaambiwa ni kwamba katika nchi ya Kibantu hiyo ndiyo nusu ya kazi yake.

Kinachopotea si kidogo. Kabla ya yule kijana kupelekwa Arusha, alistahili kupewa The Restatement of Bantu Origin and Meru History, kitabu cha Alfred M'Imanyara cha mwaka 1992, au simulizi za wazee zilizokusanywa na Jeffrey Fadiman na kuchapishwa mwaka 1993. Mwenzake wa Siakago au Manyatta angepewa kazi za H. S. K. Mwaniki za miaka ya 1973 na 1974 juu ya Waembu na Wambeere. Karatasi za H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 na ambaye baadaye aliandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani yetu ya kusini, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni walimu wangapi wa Embu wanaojua kwamba hazina hizo zipo?

Wenzangu wa vyuo vya ukutubi hunijibu kwamba kumbukumbu za vitabu siku hizi hunakiliwa tayari kutoka ng'ambo, kwa Kiingereza, na kwamba hakuna maktaba yenye wafanyakazi wa kuzirekebisha. Hoja ya pili ni nzito. Katika shule nyingi za upili, mkutubi ni mwalimu mwenye vipindi vyake darasani aliyeongezewa funguo. Akiwa darasani, mlango umefungwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliziweka maktaba katika Jedwali la Nne, miongoni mwa kazi za kaunti, kati ya maonyesho ya video na majumba ya makumbusho, katika orodha inayoanza na kamari. Mpangilio huo hauna maana ya kisheria, lakini nimeona bajeti zikisomwa kana kwamba unayo.

Hoja ya kwanza siikubali. Kunakili ni sawa. Hakuna haja ya kuvumbua upya kilichokwisha kufanywa. Ila kumbukumbu iliyonakiliwa ina nafasi ya kuongezewa maneno, na kuongeza "Ameru, Kenya" au "Wameru, Tanzania" ni kazi ya sekunde chache kwa anayejua tofauti. Anayejua ndiye haba. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaiagiza serikali iendeleze lugha za Wakenya. Mwanafunzi wa ukutubi anaweza kumaliza miaka minne bila kuulizwa hata mara moja "subject heading" ni nini kwa Kiswahili. Mimi nasema kichwa cha mada. Mwenye neno bora na alilete.

Basi nawapa wenzangu pendekezo lisilohitaji mfadhili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika mradi. Darasa moja, kwa mwaka mmoja, lipewe eneo kutoka Mbeere hadi Nyambene, na kila mmoja atwae tarafa moja: majina ya watu, lahaja, mito na vijiji, kwa tahajia zake zote, pamoja na vitabu vinavyovitaja na mahali vilipo. Sisi wa isimu tutasahihisha tahajia. Idara zetu mara nyingi hutenganishwa na ukumbi mmoja tu.

Nikirudi kwa yule msichana: nilipokuwa nikiondoka jioni ile alikuwa amechukua daftari la kurasa thelathini na mbili, akaandika juu yake "Meru", na chini yake mistari miwili: "Kenya, tazama Ameru" na "Tanzania, tazama Arusha". Kijana alikuwa bado yuko, anaanza ukurasa mpya, na maktaba ilikuwa inakaribia kufungwa.