Msomi aliyesahihishwa na mafundi wa mahema

Msimu wa mahafali ya vyuo vikuu una shangwe yake. Majoho yanakodiwa, picha zinapigwa, na Jumapili inayofuata mhitimu anasimamishwa mbele ya kanisa huku mama yake akitoa sadaka ya shukrani. Miezi sita baadaye kijana yuleyule amehamia benchi la nyuma. Amechoka kuulizwa mlangoni, "Vipi, umeshapata?"

Siku hizi tuna jibu moja kwa hali hiyo: vijana wetu wana vyeti lakini hawana stadi. Waajiri wanalisema, viongozi wanalirudia, nasi tunaitikia. Maana yake ni kwamba hawajui kujieleza, kusikiliza, kutunza muda, kufanya kazi na wenzao wala kupokea masahihisho bila kununa. Vyuo navyo vinaandaa semina za kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili.

Kabla hujaitikia, kumbuka Juni 2014. Idara ya Uhamiaji iliita vijana kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na zaidi ya 10,000 walijitokeza kugombea nafasi 70. Hata kama wote wangekuwa na ulimi wa dhahabu, zaidi ya 9,900 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Stadi hazizai ajira. Anayemwambia kijana asiye na kazi kwamba kosa ni lake tu, kwa kuwa hajui kujieleza, anamtwika hatia juu ya njaa.

Hata hivyo stadi hizo anazihitaji, awe ameajiriwa au anafuga kuku. Swali langu ni wapi angejifunza. Shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili, sekondari akahamishiwa Kiingereza, na wengi tangu siku hiyo walinyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa. Nyumbani tulimwambia mtoto haongei mbele ya wakubwa. Kisha akiwa na miaka 24 tunamweka mbele ya watu watano wenye tai na kumwambia ajieleze kwa dakika kumi.

Chuoni nako kuna ile kazi ya kikundi. Mwanafunzi yeyote atakusimulia: watu kumi wamepangwa pamoja, wawili wanakesha wakiandika, wanane wanaleta majina na namba za usajili. Alama wanapata sawa. Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hana namna ya kujua. Usidhani hapo hakuna kinachofundishwa. Wale wanane wanajifunza kula jasho la mwenzao, na wale wawili wanajifunza kunyamaza ili wasionekane wabaya. Wote kumi wametia saini uongo, na baadhi yao ndio wanaoongoza maombi Ijumaa jioni. Kumwambia rafiki, kwa upole na bila kutetemeka, "Hukushiriki, jina lako hatuliandiki," ni stadi ngumu kuliko zote za kwenye semina.

Fungua Matendo ya Mitume 18, kuanzia mstari wa 24. Apolo alitoka Aleksandria, mji wa elimu. Alikuwa msemaji hodari, aliyajua Maandiko, na kwa vipimo vya leo angefaulu usaili wowote. Lakini somo lake lilikuwa na pengo: aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi la Efeso. Hawakumkatiza mbele ya watu wala hawakwenda kumsema pembeni. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na tazama waliomfundisha: watu waliokula kwa kushona mahema, mmoja wao mwanamke. Msomi wa Aleksandria alikubali. Maandiko hayatuambii kama alijitetea kwanza (mimi nadhani kidogo alijitetea), ila tunaona alivyotoka pale akiwa wa msaada mkubwa kuliko alivyoingia.

Nani leo anamchukua Apolo nyumbani kwake? Usharika una mhasibu mstaafu, fundi mwenye wafanyakazi sita, muuguzi aliyezoea kuongea na wagonjwa wakali. Vijana wanahitaji kukaa nao. Lakini sisi tunawapa vijana kazi ya kupanga viti na kuimba, mikutano ya fedha tunaifanya wenyewe. Kule vyuoni, TMCS, USCF na CASFETA zina wenyeviti na wahazini wanaochaguliwa na wanafunzi wenzao. Hiyo ni karakana iliyo tayari, kama mhazini atadaiwa hesabu kweli, na mwenyekiti akishindwa uchaguzi akabidhi daftari bila kuhama ushirika.

Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso waliwaandikia wanafunzi wa kule wampokee. Waliweza kuandika kwa sababu walimjua: walimsikia akifundisha. Mwezi huu huenda mhitimu wa usharika wako akaja ofisini kuomba barua ya namna hiyo. Zaidi ya kusema ni muumini mwaminifu na anahudhuria ibada, tutaandika nini?