Karura tunaitunza pamoja, mbona Mau Waogiek waitwe wavamizi?

Kama unaishi Nairobi, bila shaka ushaingia Karura wikendi moja au mbili. Ukalipa getini, ukakimbia kidogo, ukapiga picha pale kwenye maporomoko, ukarudi zako nyumbani. Huenda hukujua kwamba msitu huo hauendeshwi na serikali peke yake. Kuna chama cha wakazi kinachoutunza bega kwa bega na Shirika la Misitu, KFS. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, ndizo zinazoruhusu jambo hilo: jamii ya karibu inajisajili, inatia saini mkataba, inashiriki kulinda na kunufaika.

Poa sana. Sasa twende Mau.

Waogiek wameishi katika msitu huo tangu kabla Kenya haijaitwa Kenya. Kila ukoo una eneo lake na mizinga yake ya magogo juu ya miti. Asali kwao ni chakula, ni dawa, ni mahari, na siku hizi ni karo ya watoto. Mrina asali hufuata maua mlimani, kwa sababu miti ya juu na ya chini haichanui wakati mmoja. Mtu kama huyo akate mti wa nini, jamani? Nyuki wake wataenda wapi?

Lakini Oktoba 2009 walipewa siku 30 wawe wamehama. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza Kenya iwalipe fidia ya Sh157.85 milioni na kuwapa hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao.

Kilichofuata ndicho kinachoniudhi. Unakumbuka Novemba 13, 2023, siku ya mapumziko tuliyopewa tupande miti? Mitandao ilijaa picha za mawaziri wenye majembe mapya. Mwezi huo huo, kule Sasimwani, Kaunti ya Narok, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa na kuchomwa, na mamia ya watu wakaachwa nje kwenye baridi ya Mau. Ati kuokoa msitu.

Najua utauliza: si hao hao ndio wanaomaliza miti? Swali hilo Arusha lilijibiwa. Majaji walisema uharibifu wa Mau umetokana hasa na watu wengine kuingia, na serikali yenyewe kumega msitu ili kugawa makao na kutoa vibali vya kukata mbao. Mwaka wa 2001 pekee, serikali ilitangaza kumega makumi ya maelfu ya hekta za Mau. Hizo si kazi za mrina asali.

Na sisemi kila Mwogiek ni malaika. Wapo wanaolima, wapo waliouza vipande vya ardhi vilipogawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana hatimiliki ya pamoja ni muhimu: hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akauza shamba la ukoo mzima kwa tajiri wa mjini. Katiba yetu, Kifungu cha 63, inataja ardhi za mababu za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Kuwaambia tu wajiunge na chama cha msitu kama majirani wengine hakutoshi. Jirani hupewa ruhusa ya kuokota kuni na kutundika mizinga, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Mwenye ardhi huketi mezani akiwa na sauti.

Hili linakuhusu hata kama hujawahi kufika Narok. Mto Mara, ule wa nyumbu kwenye video zako, unaanzia Mau. Ziwa Nakuru pia linategemea mito ya huko.

Kwa hivyo ukialikwa tena kupanda miche, nenda, chafua viatu. Kisha mwulize kiongozi atakayekukabidhi jembe: hatimiliki ya Waogiek iko wapi? Akikwambia mambo bado yanashughulikiwa, mwulize tena tangu lini.