Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili lina pande mbili, na sisi watu wa Zanzibar tumezoea kuushika upande wa kwanza na kuusahau wa pili. Mgeni tunamkaribisha kwa uso mkunjufu, kama dini yetu inavyotufundisha na kama walivyotulea wazee wetu. Lakini je, tumewahi kukaa kitako tukaulizana iwapo mwenyeji kweli amepona, na iwapo amepona, amepona kwa kipimo gani?

Tuanze na hesabu. Katikati ya miaka ya 1980, Zanzibar ilipofungua milango yake kwa wawekezaji, wageni waliofika kwa mwaka hawakutimia 20,000. Mwaka 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Mwaka 2019 wageni walivuka 500,000, na mwaka 2024 wakavuka 730,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 wa Unguja na Pemba. Maana yake ni kwamba kwa kila wakaazi watano, wageni wanaokaribia wawili wanaingia kwa mwaka mmoja, na wengi wao hukusanyika katika ukanda mwembamba wa fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja.

Kila mwaka takwimu hizi hutangazwa kwa furaha, na furaha hiyo ina sababu. Vijana wetu wengi wanakula na kuvaa kwa kazi za hoteli, za magari na za biashara ndogondogo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, idadi ya wageni iliporomoka hadi nusu ya ile ya mwaka uliotangulia, na kila nyumba yenye mtu wa hoteli ililihisi pigo lile. Kwa hiyo hatusemi kwamba utalii ufungwe. Tunalosema ni kwamba idadi ya wageni pekee si kipimo cha sera. Mfanyabiashara anayehesabu wateja walioingia dukani, asihesabu mali iliyotoka ghalani, siku moja atafungua mlango na akute rafu tupu.

Ghala la kisiwa ni maji. Sehemu kubwa ya mwambao wa mashariki ya Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Haina mito. Mvua ya masika na ya vuli huzama katika mawe hayo, na maji matamu hukaa chini kama tabaka jembamba lililoelea juu ya maji ya chumvi. Ukichota kwa kiasi, tabaka hilo hurudi kwa mvua inayofuata. Ukilivuta kwa mashine usiku na mchana, maji ya bahari hupanda na kushika nafasi yake, na kisima walichokunywa mababu hugeuka chumvi. La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba wageni hufurika katika miezi ya ukame, wakati ambapo mvua haijalijaza tabaka hilo.

Mtaalamu Stefan Gössling alichunguza jambo hili katika mwambao huo, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2001. Alikuta kwamba mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, na mwanakijiji lita 48. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na nne. Maji ya mgeni hayakuwa ya kunywa na kuoga tu. Mengi yalikwenda kwenye bustani, kwenye mabwawa ya kuogelea na kwenye kufua mashuka. Wakati ule wageni hawakufikia nusu ya walivyo leo. Mwenye akili na atafakari.

Ndugu Waislamu, suala la maji katika dini yetu halikuachwa wazi. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na ametukataza israfu hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto unaopita. Mafakihi wakaweka hukumu ya harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo haruhusiwi mtu mwingine kuchimba ndani yake akakidhuru cha mwenzake. Tazama jinsi elimu hiyo ilivyotangulia! Karne nyingi kabla ya kuzuka istilahi ya maendeleo endelevu, wanachuoni walikwishatambua kwamba kisima kipya kinaweza kukiua cha zamani, na kwamba wa zamani ana haki.

Inafaa basi tujiulize swali zito kuhusu minbari zetu. Tumesema sana juu ya mavazi ya wageni, na tumesema haki. Hata Serikali mwaka 2021 ilitangaza faini kwa wanaotembea nusu uchi mitaani. Lakini kisima kinachogeuka chumvi bado hakijapata khutba yake. Mama anayeamka alfajiri kusaka ndoo ya maji, ilhali ng'ambo ya ukuta majani ya bustani yanamwagiliwa, amedhulumiwa. Heshima yake inavunjwa kama inavyovunjwa na yule apitaye uchi mbele ya msikiti. Tukilisemea moja na kulinyamazia jingine, tutakuwa tumeona vazi tusione dhulma.

Baada ya maji kuna ufukwe wenyewe. Kwa mgeni, ufukwe ni mahali pa kupumzika. Kwa mwenyeji ni shamba, ni bandari na ni njia. Hapo ndipo ngalawa inapopandishwa, makumbi yanapofukiwa, pweza anapochokolewa maji yakikupwa. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake, ambao kwa mara ya kwanza walipata fedha zilizo mkononi mwao wenyewe. Leo maji yaleyale ya kina kifupi yanayofaa kusimamishia vigingi vya mwani, ndiyo yanayotakiwa kwa mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara. Bahari haikuongezeka, waliongezeka wenye kuitaka. Pasipo mpango unaosema hapa ni pa mwani na pale ni pa mchezo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na mwenye kamba na vigingi ataondoka kimya kimya.

Na kuna ardhi. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali, na mwananchi ana haki ya kuitumia. Kwa desturi yetu mti ulikuwa na mwenyewe mbali na ardhi. Ndiyo maana mara nyingi mwanakijiji alipoondoka pwani alilipwa thamani ya minazi yake, fedha ikaisha katika msimu mmoja, na shamba halikurudi tena. Tusimlaumu peke yake. Hakukuwa na mtu wa kumweleza kwamba anachokitoa ni urithi wa wajukuu.

Wapo wanaosema dawa ni kuwatenga wageni, wawekwe mbali na vijiji vyetu. Nchi ya Kiislamu ya Maldivi iliijaribu njia hiyo. Tangu mwaka 1972 ilijenga hoteli katika visiwa visivyokaliwa na watu, kila kisiwa hoteli yake. Utalii ukakua sana, lakini mwanakijiji akabaki kuutazama kwa mbali, mpaka kufikia mwaka 2009 na 2010 nchi hiyo ikabadili msimamo na kuruhusu nyumba za wageni katika visiwa wanamoishi watu. Kumtenga mgeni kunaweza kuilinda desturi, lakini kunaitenga riziki pia. Nasi Zanzibar, ambayo tangu mwaka 2021 imo katika kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, tuna haja ya kulizingatia somo hilo. Kisiwa kidogo kisichokaliwa si lazima kiwe hakina wenyewe; huenda ndicho dago la wavuvi wa vijiji kumi.

Ushahidi tunao nyumbani. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa cha Misali. Wazee husimulia kwamba mja mwema Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, na alipoukosa akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Katika miaka ya 1990 kisiwa hiki kilikusudiwa kukodishwa kwa ajili ya hoteli. Wavuvi waliokitegemea wakapinga, wakasikilizwa, na mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sehemu moja ikafungwa kwa uvuvi ili samaki wazaane, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachiwa wavuvi kwa utaratibu. Kisha mafunzo ya dini juu ya ukhalifa wa binadamu katika ardhi na juu ya mizani aliyoiweka Mwenyezi Mungu yakafikishwa kwa wavuvi, misikitini na madrasani, kwa sababu ilidhihirika kwamba boti ya doria haiwezi kufika kila mahali inapofika imani.

Na kusini ya mji wa Unguja kipo Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Wageni hulala katika vibanda saba tu. Maji yao ni ya mvua, huvunwa juu ya mapaa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Fedha inayopatikana husaidia kuilinda miamba na kuwasomesha watoto wa skuli juu ya bahari yao. Hatusemi kila hoteli iwe Chumbe. Tunasema tu kwamba anayedai kuwa kipimo kitaua biashara, aeleze vipi biashara hii yenye kipimo imeishi miaka yote hiyo.

Basi tunachokitaka si kigeni. Kwanza, kisitolewe kibali cha hoteli mpya katika eneo lolote mpaka maji ya eneo hilo yapimwe, na mwekezaji aeleze maji yake yatatoka wapi wakati wa kiangazi. Pili, njia za kushukia pwani, madago na mashamba ya mwani yachorwe katika ramani kabla ya mkataba kutiwa saini, si baada ya ukuta kusimama. Tatu, kila ukanda uwekewe ukomo wa vyumba, na ukomo huo utangazwe hadharani ili kila mtu aujue. Nne, Serikali inapotangaza idadi ya wageni wa mwaka, itangaze pamoja nayo hali ya visima vya mwaka huo. Hapo tutajua kama mwenyeji anapona.

Sehemu ya kazi hii ni yetu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za kimazingira, na katika tathmini hiyo maoni ya wananchi yana nafasi yake. Nafasi hiyo hupita bure pale ambapo kikao huhudhuriwa na watu watano. Maimamu wakitangaza kikao hicho baada ya Swala ya Ijumaa, kama wanavyotangaza maziko na harusi, watu watakwenda. Wakiwemo kina mama wa mwani, ambao ndio wenye bahari ile, yatasemwa ambayo hayamo katika karatasi za mtaalamu. Sheha aulizwe kwa adabu, na mwenye kuuza haki yake ya ardhi ashauriane na watoto wake kabla ya kuweka dole gumba.

Mgeni ana haki juu yetu, na hatutaacha kumkirimu. Lakini ukarimu ni wa mtu aliye na nyumba. Aliyekwisha kutoa kisima, njia na kiwanja, hana tena cha kumkaribishia mgeni, naye huyo mgeni atatafuta fukwe nyingine zilizo bado na maji. Tuweke kipimo leo, tungali na cha kupima.

Wabillahi tawfiq.