Tusiwatishe Wageni wa Programu Huria

Wanachama wengi wametuuliza kompyuta zao, ambazo ni nzima, zina ugonjwa gani hata waambiwe wakanunue mpya. Ugonjwa hapana. Kampuni ya Microsoft iliacha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 iliyoifuata inazikataa mashine nyingi za zamani. Mashine yafanya kazi kama jana, ila haipati tena marekebisho ya kawaida ya kuziba matundu wanamopita wezi na virusi. Kwa mkulima ambaye karafuu zake bado ziko juu ya jamvi, kununua kompyuta nyingine si jambo dogo.

Dawa ipo, nayo ni programu huria. Vijana wetu waliosoma wanazijua vizuri, na hapa ndipo penye lawama yetu, maana tumewasikia wakizieleza. Huanza na khabari za Richard Stallman aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, wakaja kwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetoa Linux mwaka 1991, kisha wakaingia katika ubishi wa Linux ipi ni bora kuliko ipi. Mzee aliyekuja na daftari lake kwapani hunyamaza kwa adabu, akaaga, asirudi tena. Khabari hizo ni za kweli na zina utamu wake, lakini siyo aliyoyajia.

Aliyoyajia ni hesabu: kila mchumaji amechuma pishi ngapi, amelipwa kiasi gani, karafuu kavu zimetoka kilo ngapi, na makonyo je. Basi aanziwe hapo. LibreOffice hupatikana bila ya malipo, hukaa ndani ya Windows ile ile aliyonayo, pamoja na programu zake za kale, na hufungua majedwali aliyoyaandika kwa Excel. Hapotezi kitu. Aandike ukurasa mmoja wa wachumaji wake, aone jumla inatoka yenyewe, na kwa siku hiyo yatosha.

Na kibodi iwe mbele yake yeye. Juu ya jambo hili tuna neno zito. Mjuzi akimwona mgeni anatafuta herufi kwa kidole kimoja, mkono humwasha, akaivuta mashine, akabofya mara nne, akasema, "Umeona?" Hakuona. Hapana mtu aliyejifunza kuchuma kwa kusimama chini ya mkarafuu akitazama juu. Mjuzi na aweke mikono yake mapajani, aseme tu, na angoje.

Mgeni atauliza kwa nini kitu hiki ni cha bure. Wanachama wetu ni watu wa biashara, cha bure hukitilia shaka, na wana haki. Ajibiwe kwa mfano wa halwa. Muuza halwa hukuuzia halwa, hakuuzii siri ya upishi wake. Programu huria hutolewa pamoja na upishi wake wote, na ruhusa ya kuupika tena, kuubadili na kumpa jirani. Wapo wanaoitengeneza kwa kujitolea, na wapo wanaolipwa mshahara na makampuni ambayo yenyewe huitumia. Kwa hiyo kumpa mwenzako nakala si wizi, tofauti na zile programu za kulipiwa zinazonakiliwa bila ya idhini, ambazo mara nyingine huja na virusi vyake. Kwa ruhusa hiyo hiyo, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, yenye maneno ya Kiswahili kwenye kioo, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice hiyo mwaka 2010. Wangapi katika sisi walipata kuiona ile ya Kiswahili? Hapakuwa na wa kutukalisha tukaijaribu.

Akishazoea, ndipo aonjeshwe Linux. Nayo haihitaji kufuta kitu. Hutiwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na diski ya ndani haiguswi maadamu hakuchagua kuisakinisha. Akichoka azime, achomoe, awashe tena, Windows yake hiyo hapo. Ila aambiwe mapema kwamba kuonja kwa flashi huenda polepole, asije akaihukumu kwa hilo.

Aambiwe na kasoro. Zipo printa zisizokubali. Barua za Word zenye mapambo mengi pengine hupinda. Programu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake huenda isifanye kazi kabisa, na mwenye kuitegemea hiyo katika shughuli zake tungemshauri asiihame Windows kwa pupa. Na kabla ya kusakinisha chochote, nakala ya mafaili yote itolewe na kuwekwa mbali. Kijana anayeficha haya ili apate mfuasi, siku printa ikigoma atawapoteza wanachama kumi.

Twaiomba Kamati itoe chumba cha ofisi siku moja kwa wiki baada ya Alasiri, kipindi ambacho si cha uchumaji. Mjuzi mmoja kwa wageni wawili, si zaidi, na wanawake wakipenda wawe na siku yao. Flashi mbili, na daftari la kuandikia maswali yaliyotushinda, ndiyo gharama yote tunayoiomba.