Milimita Kumi za Nani?

Wiki iliyopita rafiki yangu anayesoma shahada ya uzamili Marekani alinitumia picha ya mkono wake. "Kaka, nimekwisha. Nimepimwa kifua kikuu, wameniambia milimita 12." Siku hiyohiyo nilikuwa nimerudi Dar kutoka Malolo, kule Ruangwa. Huko nilimwacha mtoto wa binamu yangu, miaka mitatu, nyumba nzima ikimshangilia kwa sababu mkono wake haukuvimba hata kidogo. Mjomba, babu yake mtoto, alikuwa amegundulika na kifua kikuu mwezi uliotangulia.

Haya ndugu wasomaji, kati ya hao wawili nani wa kutia wasiwasi? Mimi nilisema yule wa Marekani. Hata binamu nilimpongeza kabisa, "hongera mama, mtoto hana kitu." Nilikosea, tena na digrii yangu mfukoni.

Aliyenizindua ni rafiki mwingine, daktari. Alinieleza hivi. Kipimo hiki cha ngozi ni cha zamani, kina jina la daktari Mfaransa Charles Mantoux, aliyekieleza mwaka 1908. Unachomwa protini iliyotolewa kwenye vimelea vya kifua kikuu, ndani ya ngozi, chini ya kiwiko. Unarudi baada ya saa 48 hadi 72. Anayesoma hapimi wekundu. Anapapasa uvimbe mgumu na kuupima kwa rula, kukatisha mkono.

Sasa hapo ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani rula imemaliza kazi. Kumbe swali linalofuata ni: milimita za nani?

Kwa miongozo ya Marekani, mtu mwenye VVU, au aliyekaa na mgonjwa karibuni, milimita 5 tu zinatosha kuhesabika ana maambukizi. Aliyehamia karibuni kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi kama yetu, au mtoto mdogo, ni 10. Asiye na hatari yoyote inayojulikana, ni 15. Uvimbe mmoja, majibu matatu!

Kwa hiyo milimita 12 za rafiki yangu zina maana kwamba huenda vimelea vimo mwilini, vimelala. Hazisemi anaumwa. Karibu robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa hivyo, na wengi wao hawataugua maisha yao yote. Atapigwa picha ya kifua, ataulizwa kuhusu kikohozi na homa, kisha huenda akapewa dawa za kinga. Na asikimbilie kusingizia BCG aliyochanjwa alipozaliwa, maana athari yake kwenye kipimo hiki hufifia sana mtu anapokuwa mkubwa.

Na yule mtoto? Binamu alirudi naye hospitali siku ya tano, kwa sababu nauli ya safari ya pili ilichelewa kupatikana. Mkono usiovimba ukisomwa siku ya tano si jibu. Halafu hata ungesomwa kwa wakati, mwili wa mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, unaweza kushindwa kuvimba huku vimelea vimo. Aliyeambukizwa wiki chache tu nyuma naye anaweza asivimbe. Tulichokuwa tunashangilia kilikuwa ukimya tu.

Tanzania tunakijua kipimo hiki. Kuanzia 1983 watoto wa shule walipimwa katika uchunguzi wa kitaifa, ili kukadiria kifua kikuu kinavyosambaa nchini. Kwa maelfu ya watoto, milimita zilieleza hali ya taifa. Kwa mtoto mmoja anayelala chumba kimoja na babu anayekohoa, milimita peke yake hazitoshi.

Hoja yangu ni hii: kipimo kinachotaka safari mbili kisigeuzwe ukuta kwa mtu wa Malolo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa, na vilevile mtu mwenye VVU, hawalazimiki kusubiri kipimo hiki. Wakichunguzwa na kuonekana hawaumwi, waanze dawa za kinga. Mara ngapi sisi waandishi tumeliandika hilo? Tunaandika "hasi" na "chanya" kama matokeo ya mpira, tunafunga ukurasa.

Nilimpigia binamu usiku uleule. Nilianza kwa kuomba radhi kwa ile hongera yangu, kisha nikamwambia ampeleke mtoto akachunguzwe upya na aseme kabisa kwamba analala na babu yake. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa kaka, mkono si ulikuwa safi?"

Wangapi mtaani kwenu wameambiwa mkono ni safi?

Naomba kutoa hoja.