Mtaa wa Wayahudi Mjini Roma

Mgeni afikapo Roma huenda kwanza kulitazama kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Lakini kando ya mto Tiber uko mtaa mdogo ustahilio kutembelewa nao, uitwao Ghetto. Mwaka wa 1555 Papa Paulo wa Nne aliamuru Wayahudi wakae humo, ndani ya ukuta, na malango yakawa yakifungwa kila usiku. Amri hizo zilikoma mwaka wa 1870.

Humo yamo mabaki ya Portico d'Ottavia, jengo la kale lililopewa jina la dada yake Kaisari Augusto; baadaye palikuwa soko la samaki. Karibu nalo ni sinagogi kubwa la mwaka 1904, ambalo kuba lake la pembe nne hutambulikana toka mbali.

Mgeni asitazame juu tu. Njiani, mbele ya milango ya nyumba, vimepachikwa vibamba vidogo vya shaba vyenye majina ya watu. Tarehe 16 Oktoba, 1943, askari wa Kijerumani waliwakamata Wayahudi wa Roma, wakawapeleka zaidi ya 1,000 kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi ni 16 tu. Ye yote apitaye hapo na ainame, asome angalau jina moja.